Arobaini Zisizokwisha

Mume wangu alikuwa mlevi mwenye adabu, na huyo ndiye mlevi anayechosha zaidi, maana hata kumgombeza huoni pa kuanzia. Hakupiga mtu, hakutukana mtu. Akitoka kazini Ganjoni hukaa huko huko kwenye baa, mahali ambapo watu wa mtaa wetu wa Kuze hawapiti, kisha huja nyumbani anatafuna karafuu. Karafuu! Mtaa mzima wamjua, yeye adhani ametuficha. Mimi nikimfungulia mlango humwambia, "Karibu, pilau." Naye hucheka, akapita ndani.

Lakini si karafuu iliyoniuma. Iliyoniuma ni sala. Mtu aliyelelewa chuo cha Qurani, aliyekuwa akikimbilia safu ya mbele, sasa adhana ikilia hukaa kitako sebuleni, ameinamisha kichwa, utadhani wanaitwa majirani peke yao. Nikimuuliza, jibu lake ni moja: "Mke wangu, mtu akinywa, sala yake haikubaliwi siku arobaini. Niende nikainame bure?" Basi hungoja arobaini zake ziishe ndipo arudi msikitini, na kabla hazijaisha ameshakunywa tena, aanza upya. Walevi wa kwetu wote wana hesabu hiyo. Ramadhani ikikaribia utawaona wameacha mapema, na Idi ikipita hao, warudi walikotoka. Siku za mwizi ni arobaini, lakini za huyu wangu hazikuwa na mwisho.

Binti yetu akaposwa. Watu wazuri, tukaridhia. Ndipo shemeji yangu, kakake mume wangu, akaja akaketi sebuleni, akanywa kahawa yangu mpaka tamati, halafu akasema taratibu kwamba baba mlevi hafai kuwa walii, kwa hivyo yeye ndiye atakayemwozesha mtoto. Wallahi, kisheria hakukosea. Lakini aseme mbele ya mwenyewe? Mume wangu aliinamia kikombe chake. Aliyesema ni binti, nyuma ya pazia: "Niwie radhi, ami. Asiponiozesha baba, mimi siolewi."

Asubuhi yake mapema nilikwenda darsani na hasira zangu. Mwalimu wetu ni mwanamke mdogo kuliko mimi, mpole. Nikamuuliza mbele ya wanawake wote, haya sikuona: "Huyu aliyekunywa, anayeambiwa sala yake haikubaliwi, asali au asisali?"

Akashangaa. "Mama, asali! Faradhi haimwondokei. Ameambiwa asisali hali amelewa, hakuambiwa aache sala. Na akitubia kweli, toba haingoji arobaini."

Nilirudi mbio mpaka buibui likataka kuniangusha. Nikamkuta avaa viatu aende kazini. "Nani alokwambia usisali?" Nilimweleza kwa kelele, jirani akafungua dirisha. "Yako wewe ni kusali! Kukubali ni kwa Mungu, si kazi yako, wala yangu, wala ya huyo kakako!" Akakaa kitako ngazini na kiatu kimoja mguuni, akalia. Miaka yote ile alijiona amefukuzwa, na mimi nilikuwa nikimwita pilau.

Jioni alivaa kanzu akatoka. Alifika kwenye kona ya njia, akaona watu wa msikitini, akageuka. Aibu. Fundi anayeshona kanzu nyumba ya pili alimwona. Kesho yake, kabla ya Magharibi, fundi akafunga duka, akaja kusimama mlangoni kwetu: "Hodi! Jirani, twende." Hakutoa mawaidha, hakuuliza kitu. Kwetu watu hupitiana kwenda msikitini, ni jambo la kawaida, ila mlango wetu ulikuwa umesahauliwa. Tangu siku hiyo fundi hakukosa. Mungu amjaze kheri, na amwondolee kikohozi kinachomsumbua.

Saa ya kutoka kazini ndiyo iliyokuwa ngumu. Mume wangu aliniambia kwamba akiwa njiani huomba dua moja tu: "Ya Rabbi, nivushe jioni hii." Hakuomba mwaka, hakuomba umri. Akishasimama safuni, bega la fundi huku na la mtu mwingine kule, ile kiu humshuka.

Aliteleza. Nikaha imekaribia, siku moja akaja na karafuu zake. Hata kelele ziliniisha. Kesho yake fundi akapiga hodi. Mume wangu akajibu akiwa ndani, "Leo niache. Nimeharibu."

"Umelewa sasa hivi?"

"Sasa hivi, la."

"Basi tia udhu. Nakungoja."

Akainuka. Halafu nikasikia maji yakimwagika bafuni. Alhamdulillahi, toka siku hiyo hajaonja tena.

Shemeji naye, haki yake nimpe, alipomwona safuni kila siku alikuja mwenyewe akamwambia ndugu yake, "Mwozeshe mwanao." Nikampa kahawa nyingine, na safari hii na halua.

Nikaha ilikuwa baada ya Alasiri. Wanawake tulikuwa nyumbani, spika ya msikiti yatuletea kila neno. Binti amekaa na hina zake, hapepesi macho. Mimi nilikuwa jikoni, mikono yanuka vitunguu. Khutba ikaisha. Nikasikia sauti ya mume wangu: "Nimekuoza..." Ikakwama. Spika ikavuma tupu. Ee Mola, nilisema, usimwache hapo. Kisha akaanza tena, sauti safi, neno baada ya neno, mpaka mwisho, na bwana harusi akajibu kwamba amekubali.

Vigelegele viliitikisa nyumba. Wakawa waniita nije nimshike mtoto, analia na kucheka. Niliwasikia. Lakini nilikuwa nimetandika kanga pale pale sakafuni, kati ya masufuria, sijui hata kama nilikuwa na udhu, nimesujudu.