Kanda za Kelele Alizozisifu Shangazi

Miaka ya themanini nilikuwa muuza kanda mjini Kilifi, na kazi niliyoiringia haikuwa kuuza bali kupendekeza. Mtu akiingia dukani kutaka taarabu, simwachi achague mwenyewe. Namtazama, namuuliza kuna shughuli gani nyumbani, kisha namtolea kanda moja na kumwambia, "Chukua hii. Usipoipenda irudishe." Hazikuwa zikirudi. Nikaanza kuamini nimejaliwa kipawa, kwamba naweza kumwangalia mtu usoni nikajua sikio lake linataka nini. Nayasema haya mapema ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyekuwa akiishi na shangazi yangu.

Shangazi, dada wa baba, ndiye aliyenilea. Alizaliwa Mambrui, akaolewa Kilifi, akafiwa na mume, akabaki, na nyumbani tulikuwa sisi wawili tu. Alifanya kazi katika kiwanda cha korosho, kwenye chumba cha kubangulia, ambako mashine zilipasua maganda tangu asubuhi hadi jioni. Mafuta ya ganda la korosho huchoma ngozi, kwa hiyo vidole vyake vilikuwa vyeusi kwenye ncha na hina haikumkaa vizuri. Lakini mjini hakujulikana kwa korosho. Alijulikana kwa sauti. Kukiwa na harusi na wanawake wakitoka na vugo, wakipita mitaani huku wakigonga pembe za nyati kwa vijiti, yeye ndiye aliyekuwa mbele akitoa wimbo na wenziwe wakimpokea. Bibi harusi ambaye shangazi hakumwimbia alijiona hakuolewa sawasawa.

Jirani yetu mmoja alikuwa akisafisha vyumba katika hoteli moja ya Bofa. Wageni wakiondoka huacha vitu: sabuni, ndara, vitabu vya Kijerumani, na kanda. Kanda alikuwa akiniletea mimi, nami nikimpa taarabu tukabadilishana. Nyingi zilikuwa za disko, hazina maajabu. Siku moja akaniletea moja yenye jalada jeusi, na juu yake picha ya bomba la moshi la kiwanda, bila hata sura ya mwimbaji. Nikaitia kwenye redio kaseti ya dukani. Ulitoka mkwaruzo.

Nikajua kanda imeliwa. Nikafungua redio, nikasafisha kichwa kwa spirit na pamba, nikaitia tena. Mkwaruzo ule ule, mahali pale pale. Hapo ndipo niliposhtuka, maana kitu kilichoharibika hakina mpango, na hiki kilikuwa na mpango. Chuma kilikuwa kikigongwa, kisha umeme ukanguruma, kisha mtu akasema maneno machache ya Kijerumani kwa ukali, haimbi, yuko kama karani anayeita watu kwenye foleni, kisha chuma tena. Upande wa kwanza niliusikiliza wote nimesimama. Nilipogeuza wa pili nilikuwa nimeshanaswa.

Kwa nini nilizipenda kanda zile, hata leo sijui kueleza vizuri. Labda kwa sababu kila muziki niliouuza ulikuwa ukinibembeleza, na huu haukujali kama nipo au sipo. Nikamwambia jirani aniletee kila kanda yenye jalada la kuchukiza. Akaniletea moja ambayo upande mzima ulikuwa mlio mmoja tu, unapanda polepole mpaka meno yanakufa ganzi. Akaniletea nyingine ambayo mtu alichukua sauti ya treni, akaikatakata, akaiunga upya mpaka treni ikawa ngoma. Hiyo ya treni naiona mpaka sasa kuwa kazi ya mtu mwenye subira kubwa, na ukiipata popote isikilize.

Mzee mwenye duka hakuwa na subira hiyo.

"Hii nini? Kinu cha kusaga kimevunjika?"

"Ni muziki, mzee."

"Muziki wa nani?"

"Wa Wajerumani."

"Ndiyo maana wakashindwa vita," akasema, akaizima mwenyewe.

Hakunikomesha. Nilianza kuwapendekezea wateja. Mwalimu mmoja niliyemwona ni mtu wa kufikiri alichukua kanda ya mlio mmoja, na kesho yake akarudi na redio yake kwapani, anatafuta fundi. Muuza papa ndiye pekee aliyeniomba nyingine: alikuwa akiipiga karibu na uchanja wa papa wake, na kunguru wote wakahama mtaa. Mzee mwenye duka akacheka mpaka akatoa machozi, akaniambia nampigia mbuzi gitaa. Nilikasirika. Nilijiona mtu pekee mwenye masikio katika pwani nzima, kuanzia Mtwapa mpaka Mambrui, na upweke huo ulinipa kiburi na huzuni kwa pamoja.

Ndipo Jumapili moja nikaipiga kanda ya jalada jeusi nyumbani. Shangazi alikuwa uani akichagua mchele. Akainua kichwa, akaacha ungo.

"Hiyo nini?"

"Kanda tu, shangazi. Nitaizima."

"Usiizime. Iwache. Yapendeza."

Sijui kama nimewahi kufurahi vile tena. Watu wote walionicheka, kisha mwanamke wa vugo, mwenye sauti inayojulikana hadi Malindi, ananiambia yapendeza! Tangu siku hiyo kila Jumapili nilimletea. Alivuta kibao chake karibu na redio, akaiwekea kiganja juu, akatikisa kichwa taratibu. "Ongeza sauti," huniambia, nami naongeza, na jirani wa upande wa pili anagonga ukuta. Mimi nilikaa mbele yake nikimweleza. Hapa sikiliza chuma kinavyorudi. Hapa mtu huyu ameiacha sauti ipasuke makusudi. Nilimwambia kwamba kelele nayo ni kitu kizuri, na mwenye akili huisikiliza mpaka imfungukie. Kanda ikiisha namwangalia, nangoja, naye husema, "Nzuri." Sikujua kwamba navishwa kilemba cha ukoka.

Taarabu akaziacha. Alisema waimbaji wa siku hizi hawana sauti, wananong'ona tu, na kwamba dukani kwetu hatujui kurekodi. Nikaona ameanza kuchoka na mapenzi ya kulialia, amepanda daraja, na aliyempandisha ni mimi. Dukani nikapata hoja mpya. "Shangazi yangu anaipenda hii," nawaambia wateja, "na yeye ni mtu wa vugo. Seuze wewe?" Wengine walichukua kwa kumheshimu yeye. Nililitumia jina lake hivyo kwa karibu mwaka mzima.

Kuna jambo moja lazima nilieleze, si kwa kujitetea. Wanawake wote wa chumba cha kubangulia walikuwa wakizungumza kwa kupaza sauti na kukutazama mdomo. Kule ndani mtu hasikii lake wala la mwenziwe, kwa hiyo walizoea kusomana midomo, na desturi hiyo walirudi nayo majumbani. Ukienda kwenye harusi au matanga ungeweza kuwatambua wabanguaji kwa hilo tu. Basi shangazi alipoanza kupaza sauti zaidi na kunikodolea macho mdomoni, sikuona jipya. Ndivyo walivyo, nikasema.

Ikafika harusi ya binti wa mzee mwenye duka. Mzee alitaka vugo lirekodiwe, nami nikawa nyuma ya msafara wa wanawake na redio begani, vijana wakinitania kwamba nimekuwa somo wa bibi harusi. Shangazi yuko mbele na pembe yake, wimbo unatoka kama alivyouzoea, wenziwe wanampokea. Tukafika mtaa wa bwana harusi. Desturi ni kwamba wenyeji wakitoka kuupokea msafara kwa wimbo wao, wageni hukatiza wa kwao, wakasikiliza, kisha wakajibu. Wenyeji wakatoka. Wakaanza. Pembe za upande wetu zote zikanyamaza.

Shangazi akaendelea.

Akaimba peke yake, kwa nguvu, juu ya wimbo wa wenyeji, ubeti mzima na kiitikio chake. Kwanza watu walicheka, wakadhani anafanya mzaha. Kisha mama mmoja wa upande wa bwana harusi akafoka, "Ametumwa kuja kututusi huyu? Mnyamazisheni!" Wenziwe wakamvuta buibui. Akageuka, akaona nyuso, akaona vijiti vimetulia juu ya pembe. Akanyamaza katikati ya neno. Macho yake yakapita juu ya wanawake wale wote mpaka yakanifikia mimi, akatazama mdomo wangu, akingoja nimwambie kumetokea nini.

Nilielewa papo hapo, na hicho ndicho kinachonitesa. Mtu haelewi jambo kama lile papo hapo ila ameshalijua. Nilijua kwamba alikuwa akiniuliza, "Wameshaadhini?" na adhana imetoka kumalizika, msikiti uko nyuma ya nyumba. Nilijua kwamba Ramadhani iliyopita hakufungua kinywa mpaka anione nimetia tende mdomoni, nikajiambia shangazi ananipenda hata hataki kunitangulia. Ushahidi wote nilikuwa nao mimi, hakuna mwingine aliyekuwa nao. Nikaufanya kuwa sifa yangu.

Nilimpeleka Mombasa kwa daktari wa masikio. Alikuwa mtu mpole, akampima kwa muda, kisha akanigeukia. Alisema masikio yale yamekufa kidogo kidogo kwa mashine. Sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea, mlio wa fidla, sauti ya mwimbaji, herufi za mwisho za maneno. Vishindo vizito hubaki nyuma. Angetolewa kiwandani mapema, mwaka mmoja nyuma hivi, kingeokolewa kitu.

"Anaishi na nani?" akauliza.

"Na mimi."

"Hukuona?"

Nilisema sikuona. Kisha nikamuuliza kama kelele za nyumbani zingeweza kuongeza madhara. Akauliza kelele gani. Nikamweleza habari ya kanda, kila Jumapili, sauti juu. Alinitazama kama mtu asiyejua kama anataniwa. "Kwa redio ya nyumbani? Sidhani," akasema. Hakusema hapana. Nimeishi na ile "sidhani" muda mrefu kuliko nilivyoishi na shangazi.

Nje, kwenye benchi, shangazi akaniuliza daktari amesemaje. Nikamwambia kwa mdomo, polepole, kwamba ni mashine. Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa akijua hilo kabla yangu.

Wala hakuna aliyenilaumu. Mzee mwenye duka alikwenda mwenyewe kwa wenyeji wa bwana harusi, akawaeleza, wakaja kumtaka radhi shangazi na sinia la halua. Jirani wa ukutani akasema maskini, kumbe ndiyo maana. Laiti angetokea hata mmoja wa kunifokea, ningemjibu, tungegombana, na huenda ningepumua. Wote walinipa pole kana kwamba nimefiwa, nami nikazipokea kwa mikono miwili kama mwenye haki nazo.

Asubuhi ya siku ya kazi nilimkuta amekwisha koga, anakunywa chai yake ya tangawizi wima. Nikasimama mahali anaponiona.

"Shangazi, kiwandani basi. Usiende tena."

"Nikae hapa nifanye nini? Kuimba kumekwisha. Hapa watu wakicheka lazima niulize wacheka nini. Kule hapana asikiaye, sote twasomana midomo. Kule mimi ni mzima."

"Kidogo kilichobaki kitakwisha. Kelele ile itakumaliza."

"Kelele?" Akaweka kikombe chini. "Si ile ile ulokuwa ukiniletea kila Jumapili? Mwanangu, taarabu zilinikimbia, vikabaki vishindo vyako, nikashukuru. Mwisho mwisho hata hivyo vikawa ni mtetemo tu mkononi. Lakini nilikuwa nikikuona. Wanikalia mbele, wanieleza, wangoja nisifu, uso umekunjuka. Ukanambia kelele ni kitu kizuri, mtu avumilie mpaka imfungukie. Nami nikakwamini, nikawa nayapeleka kazini yale maneno yako, nasimama pale mashineni najiambia nivumilie. Sasa leo imekuwa mbaya? Tangu lini?"

Hakuwa akinisuta. Ningemjua kama ananisuta, maana alikuwa bingwa wa hilo. Alikuwa akiuliza kweli, kama anavyouliza mtu ambaye amebadilishiwa bei. Nilifungua mdomo. Akautazama, akangoja, ameinamisha kichwa kidogo kama alivyokuwa akifanya kando ya redio. Alipoona hausemi kitu, akachukua buibui lake msumarini, akajifunga, akaenda kazini.