Kilimi cha Mtoto wa Dada Yangu

Dada yangu alipojifungua nilikuwa likizoni, nyumbani wakanituma Kamembe, mji wa mpakani na Kongo, kwa wakwe zake nikamfulie nepi. Nyumba ile ni ya watu wanaosema wote kwa pamoja, na mimi ni mtu wa kujibu "ndiyo" kisha kukaa saa nzima nikijiuliza kama nilijibu vizuri. Hawakuwahi kugundua kuwa sisemi. Nafasi yenyewe haikuwepo.

Mtoto alizaliwa mzima, akalia kama watoto wote. Kesho yake akaanza kilio kingine, chembamba, kama bati linalokwaruzwa na msumari. Mikono ilimtetemeka. Alipiga chafya mfululizo kana kwamba kuna mtu anakaanga pilipili karibu naye, halafu akapiga miayo, halafu chafya tena. Akipewa ziwa alilivamia kama mwenye njaa ya mwaka mzima, kisha akaliachia na kulia upya.

Mama mkwe wa dada, mwanamke anayejua kila kitu isipokuwa kunyamaza, alimchungulia mdomoni mara moja tu.

"Kilimi," akasema. "Iko murefu, inamuziba. Banakata, inaisha."

Kilimi ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kwetu, mtoto asiyenyonya ana kosa hilo moja, na dawa yake ni kisu.

"Batoto bangu bote nilibakatisha," aliendelea. "Uliona hata mumoja mwenye anashindwa kusema?"

Sikuona. Ningelipenda sana kumwona.

Akatuma habari kijijini Gikundamvura, kwa mzee mwenye kazi hiyo, aje asubuhi.

Sasa nieleze mguu wa dada. Tulipokimbia Bukavu vita vilipoingia, kipande cha bomu kiliingia pajani mwake, na mpaka leo kimo. Daktari mmoja wa ng'ambo alimpa vidonge vya kodeini vya kutuliza maumivu, vya wiki chache tu. Daktari naye akakimbia, vidonge vikabaki. Viliendelea kuletwa na mama mmoja mfanyabiashara, mvukaji wa daraja la mpakani, ndani ya mafurushi ya vitenge. Wakwe hawakujua. Shemeji, anayefanya kazi kiwanda cha saruji kule Bugarama, aliambiwa ni vitamini, na kwa kuwa ni mwanamume aliyechoka hakuuliza vitamini gani hizo zinamfanya mtu alale akiwa ameshika kijiko.

Kuhusu mimba, dada alikuwa na imani yake: mtoto ana chumba chake, tumbo la chakula liko kando, mlango umefungwa. Simlaumu. Mwalimu wetu wa biolojia, mwenye diploma na tai, alitufundisha karibu hayohayo. Alichora kondo la nyuma ubaoni akasema ni kama duane, forodha ya pale darajani Ruzizi: kizuri kinapita, kibaya kinazuiwa. Darasa zima likacheka mpaka akakasirika. Nani kati yetu hajaiona duane ile? Inamzuia mama mwenye kikapu cha unga, bunduki zinapita zikipungiwa mkono.

Mzee akafika asubuhi na kisu kidogo kilichopindwa ncha kama ndoana. Aliomba kwanza pombe ya ndizi, ili mkono utulie. Nilivyouona, mkono wake ulitetemeka kuliko wa mtoto. Alipomaliza kikombe, mama mkwe akampakata mjukuu wake na kumfungua mdomo kwa kidole. Mtoto akampigia mzee chafya usoni. Akapiga miayo. Chafya nyingine.

Dada akainuka kitandani akivuta ule mguu.

"Maman, acha. Hiyo haiko kilimi."

"Ni nini basi? Weye ni dokta?"

"Ile siku balifunga daraja, mimi nilikuwa hivi hivi. Chafya, miayo, kutetemeka. Ukasema iko malaria."

"Daraja inaingia wapi ndani ya kinywa ya mutoto?"

"Dawa ya mguu haikuvuka. Ninameza kila siku, Maman, tangu mbele ya mimba. Mutoto alikuwa anakunywa pamoja na mimi. Balipokata kitovu, balimukatia na dawa."

Mama mkwe akatoa kidole mdomoni mwa mtoto.

"Kumbe mutoto wangu alioa mulevi wa vidonge," akasema.

"Ndiyo, Maman. Lete mutoto."

Mzee akakohoa. "Sasa nikate ama nisikate?"

"Kama ni lazima kisu kifanye kazi," dada akamwambia, "kata kilimi yangu. Ni miye nilinyamaza."

Akamchukua mwanawe mikononi mwa bibi yake, tukaenda kituo cha afya, mama mkwe nyuma yetu akiwaeleza wapita njia kuwa tunakwenda kwa chanjo.

Dada alipomweleza habari ya vidonge, nesi hakushangaa. Alisema dawa za ukoo wa kodeini ni chembe ndogo zinazopenda mafuta, zinapenya kondo bila kuulizwa, zinaingia damu ya mtoto mpaka ubongo, na mwili wake mdogo unazizoea kama wa mama. Dada alikatazwa kuziacha ghafla. Daktari angezipunguza polepole. Anyonyeshe, kidogo kidogo, mara nyingi. Wakamlaza mtoto ili wamwangalie. Akizidi kuumia angepewa matone ya dawa ya aina hiyohiyo na kupunguziwa. Mengine yote yalikuwa chumba chenye giza kidogo, kumfunga vizuri kwa nguo, kumweka kifuani, na kimya.

"Kimya namna gani?" mama mkwe akauliza, na mtoto akaruka kwa mshtuko.

Akatolewa nje. Ndege za uwanja wa Kamembe hazikutolewa, zilipita juu zikielekea Kongo na mizigo yake, na kila mara ilibidi tuanze upya kumtuliza. Dada akichoka, nilimshika mimi kifuani, tumbo lake juu ya langu, nikihisi anavyotetemeka. Sikuwa na la kusema, na hakuna aliyelihitaji.

Jioni ya siku ya tatu pale kituoni mama mkwe alikuwa uani, chini ya dirisha la chumba tulicholazwa, akiwapokea wanawake wa kanisa waliokuja kumpa hongera.

"Ilikuwa kilimi tu," tulimsikia. "Tuliomba, ikajirudisha yenyewe. Muke wa mutoto wangu hana kosa, muntu asiniletee maneno!"

Nikamtazama dada. Alikuwa amesikia yote. Hakusahihisha neno, mtoto alikuwa ameshika ziwa, ananyonya bila kuliachia, na hakutaka kumshtua.