Uzi Mweusi wa Mguu wa Josia

Milembe wa Mwanhuzi hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Aliwahi kufukuza fisi zizini kwa mchi wa kutwangia. Lakini mjukuu wake Josia alipolazwa Bariadi, hajitambui kwa homa ya mapafu, bibi huyu aliogopa kweli.

Mama wa mtoto alikuwa amejifungua juzi tu, hivyo bibi ndiye aliyebaki kando ya kitanda. Madaktari walipitisha mrija kwenye mshipa mkubwa wa paja la kulia, dawa ziingie. Nesi Philomena akamweleza: mtoto anayelala tu bila kujigeuza, tena ana mrija mshipani, damu yake inaweza kuganda, na donge likisafiri hadi mapafuni linaua.

"Kwa hiyo mguu huu tuuone muda wote, mayu. Usiufunike."

Milembe, akifurahi kuitwa mama kwa Kisukuma, akaitikia vizuri kabisa. Nesi alipogeuka tu, akamfunika mtoto hadi kidevuni. Kwao mgonjwa mahututi haachwi wazi mbele ya macho ya watu. Tena chini ya khanga kulikuwa na siri: uzi mweusi wa dawa ya ukoo, ameufunga juu ya goti la mguu ule ule na kuukaza kwelikweli, maana uzi uliolegea utamkinga nani?

Philomena aliporudi kuyapima mapaja kwa utepe, aone kama yamevimba, akafunua. Mguu umevimba, umegeuka zambarau. Milembe alitamani ardhi ipasuke immeze.

Nesi alishika mkasi, akasita. "Huu hufunguliwa na nani?"

"Aliyeufunga."

"Basi fungua, mayu. Haraka!"

Fundo likagoma. Akalikata kwa meno.

"Uvae wewe mkononi," Philomena akasema, bila kumfokea. "Umwombee ukiwa nao."

Daktari akaupima mguu kwa ultrasaundi. Milembe alisali sala zote, za kanisani na za nyumbani.

"Hakuna donge," daktari akasema.

Tangu hapo nani angethubutu kuufunika mguu ule! Milembe alifundishwa kuchezesha kifundo cha mguu huo taratibu na kukunja ule mwingine, damu itembee, akaifanya kazi hiyo kwa shukrani. Josia alipoanza kunywa uji, mrija ukatolewa siku hiyo hiyo, usije ukaleta madhara bure.

Kesho yake, bibi alipokuwa akimnyoosha miguu, Josia alichukia akamtandika teke la kifua. Milembe akaangua kilio, akamshika Philomena mikono.

"Wabeja, mwanangu. Asante sana."

Kisha akamwinamia mjukuu. "Nipige lingine, mume wangu."