Gofu ya Juu ya Mabati

Usiniambie nilikuwa nimelewa. Pombe pekee iliyokuwa bomani kwetu usiku ule ilikuwa spiriti ya kusafishia kidonda cha ng'ombe. Nilikuwa macho makavu, mtu mwenye akili timamu na cheti cha gumbaru, shule ya watu wazima, cheti nilichokisomea usiku kwa koroboi mpaka pua ikawa nyeusi kama sufuria. Yaliyonipata yalinipata, na hata leo nikiyakumbuka damu inachemka.

Ilikuwa miaka ya tisini, kwetu nje kidogo ya Rongo. Nilitaka kumwoa Achieng wa Homa Bay, msichana ambaye akicheka samaki ziwani wanatoa vichwa kusikiliza. Kwao walikubali. Lilibaki jambo moja tu. Sisi Wajaluo, kabla ya kumtoa binti, jagam, yaani mshenga, huja kuchunguza boma la mwanaume. Haangalii sana ng'ombe. Anachotafuta ni kama ukoo huo una jajuok, mkimbiaji wa usiku: mtu anayeonekana mzima mchana, lakini giza likiingia anavua nguo zote na kukimbia kwenye maboma ya watu, akitupa mawe juu ya paa zao. Wanasema kitu hicho kinarithiwa, kwa hiyo ukimwoa mmoja umeuoa ukoo mzima. Ukoo wetu haujawahi kuwa naye. Muulize yeyote.

Jagam wao alikuwa Shangazi Risper, Msabato wa kweli kweli. Alifika Ijumaa kabla jua halijazama, pamoja na mzee mmoja wa kanisa lao. Wangepumzika kwetu Sabato nzima, waondoke Jumapili. Walipewa kulala nyumba ya baba mdogo, yenye mabati mapya, karibu na simba yangu, kile kibanda cha kijana ambaye hajaoa. Kuku waliochinjwa siku ile walikuwa wengi mpaka majogoo wa jirani wakahama.

Mama akanituma sokoni kuleta mkate na kakao, maana wageni hawakunywa majani ya chai. Nikirudi, giza linaanza, nikamkuta mwanaume amekaa juu ya meza tupu ya wauza dagaa wa omena. Suti safi, miguu peku, vumbi mpaka magotini. Alikuwa anabonyeza gemu ya mkononi, zile ndogo zilizokuwa zimeanza kufika kutoka Nairobi.

"Omera," akaniita, kama ndugu, "unaijua gofu?"

"Si ule mchezo wa wazungu, wa kusukuma kipira shimoni?"

"Huo. Lakini hii haina shimo. Hebu nishikie leo. Nimechoka, nataka kulala."

"Na nikikuibia?"

"Hii haiibiwi."

Akaniwekea mkononi, akajilaza chali pale pale mezani, na kabla sijapiga hatua alikuwa anakoroma. Wewe ungefanya nini? Mimi nilienda nayo.

Tulipomaliza kula nikaingia simba, nikavua shati kwa sababu ya joto, nikaiwasha. Uwanja wa gofu nimewahi kuuona gazetini: nyasi kama zulia, vibendera huku na huku. Huu haukuwa na hata unyasi mmoja. Ulikuwa boma, lenye nyumba, zizi, na ua wa minyaa. Kamtu kadogo kenye fimbo kanapiga kipira, na kipira lazima kitue juu ya bati. Kikitua, gemu inalia kwaa, pointi zinapanda. Akitoka mwenye nyumba na taa, pointi zinapanda zaidi, na wewe unabonyeza haraka kamtu kakajifiche nyuma ya zizi. Niamini, nilicheka mpaka mbavu zikaomba likizo. Nani aliketi akawaza gofu ya kijinga namna hiyo?

Nikapiga, kwaa. Nje nako nikasikia kwaa. Nikadhani ni paka. Nikapiga tena.

Pigo la mwisho likatua kwenye nyumba kubwa. Kwenye kioo akatoka mwanamke mwenye kitambaa kichwani. Na papo hapo huko nje nikasikia sauti ya Shangazi Risper: "Yesu wangu, nani huyo?"

Nikaitupa gemu kitandani, nikatoka mbio. Naapa nilimwona. Alikuwa mweusi tii, uchi, hana uso, akielekea nyuma ya zizi. Na hakukimbia kama mtu. Alitokea hapa, akapotea, akatokea pale mbele, vilevile kamtu kalivyokuwa kanakwenda kwenye kioo. Nikamfukuza kwa mbio ambazo zingeniletea medali. Nilipolizunguka zizi hapakuwa na mtu. Tochi ya baba mdogo ikanipiga kifuani. Ikanikuta mimi, bila shati, jasho linatiririka, nahema.

"Ni wewe?" akauliza polepole.

"Baba, nilikuwa namfukuza."

"Nani?"

Nikaonyesha giza. Ningeonyesha nini kingine?

Shangazi Risper akaniangalia toka kichwani mpaka miguuni. "Zima tochi," akamwambia baba mdogo. "Tumeona tulichokuja kuona."

"Shangazi, ni gemu. Njoo nikuonyeshe. Ni gofu."

"Mwanangu, gofu inachezwa na nguo."

Waliondoka alfajiri, siku ya Sabato, watu ambao siku hiyo hata kuni hawaokoti. Walitembea kwa miguu wakatafute barabara ya Homa Bay, na mkate wa mama wakauacha mezani haujakatwa.

Nikaibeba gemu kurudi sokoni, nimekasirika mpaka meno yanagongana. Njiani nikafungua kifuniko cha betri. Betri hakuna. Mchanga mtupu. Yule bwana alikuwa juu ya meza ile ile, anajinyoosha.

"Asante, omera. Nisipokimbia mwili unawaka kama nimepakwa pilipili. Jana nimelala kama mtoto mchanga."

"Twende Homa Bay ukawaambie hivyo. Sasa hivi."

"Mimi?" akasema, na alishangaa kweli. "Kwani mimi nilikuwepo?"

Nikarusha ngumi ambayo ingeangusha fahali. Ikapita kwenye hewa, nikaangukia meza kifudifudi. Nilipoinuka hapakuwa na suti, hapakuwa na gemu.

Achieng aliolewa kwingine. Miaka baadaye tulikutana sokoni Homa Bay, ana mtoto mgongoni. Kabla sijafungua mdomo akashusha sauti, akaniuliza, "Bado unakimbia?" Hakunidhihaki. Aliuliza kwa huruma, kama unavyomuuliza mgonjwa wa kifua kama bado anakohoa. Afadhali angenitemea mate.

Tangu siku ile hakuna jagam aliyevuka lango letu. Wadogo zangu walioa na kuolewa ng'ambo ya mpaka, Tanzania, ambako jina letu halikuwa limefika. Na kila giza likiingia kidole gumba changu kinaanza kubonyeza chenyewe, mpaka nikilalie.

Kwa hiyo mtu akikupa kitu cha kuchezea jioni, akakwambia mshikie maana amechoka, muulize amechoka kwa kufanya nini. Asipojibu, mrudishie, alale au asilale ni shauri yake. Usipomuuliza utamfanyia kazi yake bure, yeye atalala, na jina litabaki kwako, kwa dada zako, na kwa watoto wa dada zako ambao hata hawajazaliwa.