Jiko la Vigae la Maretadu

Kornelia aliujua udongo kwa kuuonja. Alikuwa akichukua kipande kidogo kama punje ya hindi, anakisaga kwa meno ya mbele, anatema, kisha anatoa hukumu: huu una mchanga mwingi, huu mlaini mno, huu utapasuka. Wakati ule mwanamke wa namna hiyo aliheshimiwa. Chungu chake kilikaa jikoni miaka mingi, na kikivunjika vigae havikutupwa, vilirudishwa kwake akavirundika nyuma ya nyumba. Siku hizi mtu anavunja beseni la plastiki, analitupa njiani, wala hajiulizi limetengenezwa kwa kitu gani.

Mwaka 1974 malori ya serikali yalikuja kuhamishia watu vijijini. Familia zilishushwa kutoka miteremkoni, zikapangwa kwa mistari katika kijiji kipya hapo Maretadu. Kornelia alipanda lori na mbuzi wanne na mtungi mmoja. Rundo la vigae likabaki kwenye mahame, kule makao ya zamani.

Kijiji kilipogawa kazi, ufinyanzi haukutajwa. Sufuria zilikwisha kufika duka la ushirika, nani alihitaji vyungu? Kornelia, mwenye miaka karibu sitini, aliandikwa shamba la pamoja la maharage siku zote sita za kazi. Alilima bila kunung'unika mbele za watu. Lakini alitaka jambo moja tu: ufinyanzi uhesabiwe kuwa kazi, kabla mikono yake haijausahau.

Siku moja jembe lilimkata mguuni, akaenda zahanati. Nyuma ya jengo alimkuta mganga, kijana wa Bukoba aitwaye Pascal, amechuchumaa mbele ya jiko lililobomoka. Hapo ndipo sindano na mikasi vilipaswa kuchemshiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, hili jiko umelijenga kwa saruji?"

"Ndiyo, mama. Saruji ni imara, hata madaraja yanajengwa kwa saruji."

"Daraja halichemshiwi maji."

Pascal alicheka kwa aibu. Akamweleza kwamba saruji ilibanduka siku ya tatu. Akajenga tena kwa matofali ya udongo wa bondeni. Nayo yakapasuka, moto ukatorokea kwenye nyufa, mzigo mzima wa kuni ukaisha kabla maji hayajachemka. Bila jiko, wagonjwa wangeendelea kupelekwa hospitali ya Haydom hata kwa jipu.

"Udongo wa bondeni ukikauka unasinyaa," Kornelia alisema. "Ukipata moto unajivuta, unapasuka. Inabidi uchanganywe na vigae vilivyosagwa. Kigae kimekwisha kuungua, hakisinyai tena. Ufa ukianza, unakutana nacho unaishia hapo."

"Vigae vipo wapi?"

"Kule juu tulikotolewa."

Hapo pakawa na shida. Kurudi kwenye mahame kulikatazwa. Walimwendea Sulle, mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa jirani wa Kornelia kule kule juu na aliyezoea kumwita Mama Bura.

"Mama Bura, nikikuruhusu wewe, kesho watapanda kumi," Sulle alisema. "Wilayani watasema watu wangu wanarudi."

"Mimi sirudi, Sulle. Naenda kuokota takataka. Au takataka nazo zimehamishwa?"

Sulle alitaka kukasirika, akashindwa. "Basi nitakwenda nawe, wasije wakasema umetoroka."

Walipanda wote watatu, wakashuka na magunia mawili. Njiani Sulle aliinua kigae kimoja chenye alama za kucha ukingoni, akakitazama sana. Kilikuwa cha chungu cha mama yake. Akakirudisha guniani.

Kornelia alisaga vigae kwa jiwe, akachekecha, akachanganya na udongo, akafinyanga matofali mazito. Pascal alitaka kuwasha moto kesho yake. Kornelia alimkatalia. Matofali yakauke kivulini siku kumi na mbili, kisha yachomwe, na jiko likishajengwa lianze na moto mdogo wa vijiti siku mbili nzima. Kijana alizunguka zunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, lakini alitii.

Siku ya moto mkubwa, Sulle alikuja mwenyewe. Maji yalichemka kwa kuni sita. Wakachochea mpaka jioni, wakaliacha lipoe, wakawasha tena asubuhi. Pascal alipitisha kidole kila mahali akitafuta ufa, akakosa.

"Poleni huko mjini kwenu na saruji yenu," Kornelia alimtania.

Sulle alikohoa. "Mama Bura, nimeamua. Jumanne na Ijumaa hutaenda shambani. Utafinyanga."

"Siku mbili ni za kukanda udongo tu. Nipe tatu. Na wanawake wawili wajifunze, mimi sitaishi milele."

"Halmashauri itanicheka."

"Itakuwa inakunywa maji ya mtungi wakati inacheka."

Sulle alimtazama Pascal, naye akajifanya anapanga kuni.

"Haya, tatu," Sulle alisema. "Lakini mavuno ya maharage utakuja."

"Nitakuja," Kornelia alijibu, akaondoka upesi akichechemea, kabla mwenyekiti hajabadili mawazo.