Machozi ya Vital kwenye Televisheni

Vital aliingia kwenye uigizaji kupitia parokia, siku ya Ijumaa Kuu, katika mchezo wa Mateso. Alitaka kuwa Yesu. Padri alikitazama kitambi chake, akampa nafasi ya askari asiyesema neno. Vital alikubali bila ubishi, lakini siku yenyewe askari yule alisema, tena kwa Kifaransa. Kisha akazimia kwa uchungu chini ya msalaba, akalala chali katikati ya jukwaa, hata Bikira Maria akalazimika kumruka ili amfikie mwanawe.

Tangu hapo mji mzima wa Bunia, mashariki ya Kongo, ulimjua. Kikundi cha michezo kilimpa nafasi za wafalme na matajiri, kwa sababu wao hufa mwishoni, na Vital alipenda sana kufa. Alikufa polepole, kwa hotuba, akiinuka mara kwa mara kuongeza alichosahau. Watoto wa viti vya mbele walimpigia kelele: "Muzee, kufa basi! Njaa inatuuma!"

Mkewe, Domitille, aliyekuwa akikaanga mandazi sokoni, hakwenda kumtazama. Alisema mtu huyo anamwona bure nyumbani kila siku, hasa akiambiwa apasue kuni.

Vita vilipoingia eneo lao la Ituri, wengine walipoteza kazi. Vital alipata. Kila kundi lililouteka mji lilitaka kwanza bendera yake, kisha ushuru wa soko, kisha mchezo wa amani kwenye televisheni ya pale. Vital ndiye aliyekuwa mzee wa amani. Alivaa koti lile lile, akapatanisha majirani wale wale wawili, akamalizia kwa kumshukuru mkombozi. Jina la mkombozi tu ndilo lililobadilika.

Siku moja, mchezo ukienda hewani moja kwa moja, alimshukuru mkombozi aliyekuwa amekimbia wiki iliyotangulia. Kabla hajatulia vizuri kitini, askari wakawa mlangoni. Domitille alipopata habari aliacha mafuta yakiwaka, akakimbia mpaka kituo cha televisheni na mwiko mkononi.

"Chef, musimupige," alimwambia kamanda. "Huyu haiko adui. Hata majina ya batoto yake anachanganya."

"Ni kweli?" kamanda akamuuliza Vital. "Batoto yako banaitwa nani?"

Vital alitaja mmoja, akakwama. Kamanda alicheka mpaka akakohoa, kisha akaamuru mchezo urudiwe, yeye mwenyewe akiwa amesimama kando ya kamera na bunduki. Vital alisema baadaye kwamba hajawahi kuigiza vizuri namna ile.

Mwaka 2003, mwezi wa tano, mji ukawaka kweli. Vital, Domitille na watoto walikimbilia kambi iliyokuwa karibu na uwanja wa ndege, wakajipatia nafasi chini ya turubai moja na mwanamke aliyeitwa Léontine, mkulima kutoka upande wa Nizi. Alifika peke yake. Jioni ya kwanza alimsimulia Domitille yaliyompata: nyumba ilivyochomwa, mumewe na mtoto wa kwanza wakiwa ndani, na yeye alivyopanda mlima na binti yake mdogo mgongoni, akimwimbia njia nzima ili asilie, bila kujua kwamba tayari amekufa. Vital alikuwa amejilaza pembeni. Walidhani amelala.

Haukupita muda wakaja watu wa televisheni kutoka Ulaya, na mkalimani wao, Claude.

"Nani hapa alipoteza familia?" Claude aliuliza.

Watu wakamwonyesha Léontine. Alikuwa akichambua maharagwe. Kamera ikamsogelea.

"Balikufa," alisema. "Kule Nizi." Akaendelea na maharagwe yake.

Mzungu alimnong'oneza Claude, na Claude akainama. "Mama, hauwezi kulia kidogo?"

"Nilishamaliza."

Hapo ndipo Vital alipokohoa. Domitille alikuwa amekwenda kuchota maji. Mumewe alisimama, akajipangusa vumbi, halafu akaona vumbi linafaa, akajirudishia. Alisimulia kila kitu: moto, mlima, wimbo, mtoto mgongoni. Mke wake, alisema, alibaki ndani ya nyumba ikiwaka. Alipiga magoti, akakwaruza udongo kwa kucha. Helikopta ilipopita na kuharibu sauti, aliombwa arudie, naye akarudia, na mara ya pili machozi yalitoka kwa wingi zaidi. Mshika kamera, mwanaume mzima, akajifuta macho.

Léontine aliendelea kuchambua. Alipomaliza maharagwe alimwendea Vital.

"Umesema muzuri," alimwambia. "Lakini ule mutoto alikuwa na jina. Alikuwa anaitwa Rebecca. Jina yake haukusema."



Kaka yake Domitille, aliyekuwa Kampala, aliiona picha hiyo, akapeleka habari nyumbani kwao Komanda kwa fonii, ile redio ya mawasiliano. Mama yao, Mama Agathe, alinyoa nywele, akaweka matanga, akachinja mbuzi. Barabara ilipofunguka alipanda lori na wanawake wa ukoo, wakaingia kambini wakilia kwa sauti, wakitafuta kaburi la Domitille. Walimkuta Domitille anakaanga mandazi.

Mama Agathe alianguka. Alipozinduka alimpapasa binti yake uso na mikono.

"Nani alikuambia nimekufa?" Domitille aliuliza.

"Bwana yako! Kwenye televisheni! Alipiga magoti!"

Vital alikuwa anafika. "Mama, karibu," alisema, kisha akashindwa kujizuia. "Banasema nini kule Kampala? Ile helikopta ilisikika?"

Domitille aliondoa karai motoni. Hakumpiga. Alikusanya watoto, akawaita kila mmoja kwa jina lake, polepole, ili baba yao asikie, akapanda lori la mama yake kwenda Komanda. Mandazi yaliyobaki alimpa Léontine.

Alirudi mvua zilipokwisha, kwa sharti moja: habari za ukoo zitatolewa na yeye tu. Vital bado anaigiza. Siku hizi ni michezo ya upatanisho ya mashirika. Na mwaka 2004, baba yake Vital alipofariki kweli, huko Bogoro, alikimbia mpaka kwenye fonii akilia, kamasi zikimtoka, kuwapa wakwe habari. Mama Agathe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia," alisema kutoka Komanda. "Sasa nipatie Domitille."