Robe ya Kavira: tuliikodi Butembo, tukaikuta Mavivi

Wakuu, nawasalimu nikiwa Butembo.

Naomba niwaeleze jambo lililotupata mimi na mdogo wangu tulipotafuta robe, yaani gauni, ya harusi kwa pesa kidogo. Nitaandika niliyoyaona kwa macho yangu tu. Majina ya wengine nimeyaacha. La mdogo wangu nimeliweka, maana bila jina hilo hakuna kisa, na ni la watu wengi mno, halitamtambulisha.

Anaitwa Kavira.

Kwa wasiotujua: sisi Wanande tunapewa majina kwa mpangilio wa kuzaliwa. Binti wa kwanza ni Masika, ndiye mimi. Wa pili ni Kavira. Ukisimama sokoni ukaita "Kavira", watageuka ishirini.

Baba yetu ni mkulima wa viazi kule Masereka. Alipouza mavuno alimpa Kavira dola mia kwa robe na viatu, akasema, "Njo hiyo tu, binti yangu. Ingine iko ya chakula ya bageni." ("Njo" ya huku ni "ndiyo" yenu.)

Kwa pesa hiyo huku hununui robe mpya. Zile wanazoleta wafanyabiashara kutoka Kampala bei yake inapita hapo. Kushonesha kunawezekana, lakini kitambaa na mikono ya fundi vinaweza kukufikisha kulekule. Kwa hiyo wengi wetu tunakodi. Unachagua, unajaribu, unalipa nusu, unachukua Alhamisi, unarudisha Jumatatu. Mabinti mnaosoma hapa, msione haya. Robe inavaliwa siku moja, ndoa inavaliwa maisha.

Tulizunguka siku tatu. Nyingine zilikuwa na madoa ya vinywaji, nyingine zipu imekufa. Mwishowe tukaipata kwa mama mmoja mwenye chumba kidogo cha kukodishia: mikono mifupi, dentelle, ile lesi, kifuani, ndefu hadi chini. Kavira akatoka nyuma ya pazia. Aliniuliza tu mimi dada yake, "Yaya, unaona?"

Niliona.

Tukalipa nusu. Yule mama akaandika kwenye daftari lake: Kavira, samedi, yaani Jumamosi. Basi. Mimi ni mwalimu, kila asubuhi naita majina darasani, na nikaliona lile neno moja nikaliacha lipite.

Alhamisi tukarudi kuichukua.

"Robe ya Kavira?" mama akasema. "Ile ilisha kwenda. Kaka yake alikuya jana kuikamata."

"Maman, Kavira njo huyu," nikamwambia.

Akamtazama mdogo wangu, akakaa chini polepole. Kumbe kulikuwa na Kavira mwingine, wa Mavivi, kule Beni. Naye alikuwa amekodi robe nyingine hapohapo, na harusi yake ilikuwa baada ya wiki tatu. Mama alikuwa ameshaifunga robe yetu kwenye mfuko, amebandika karatasi yenye jina. Kijana akaja na pesa iliyobaki mkononi, akasema amekuja kwa robe ya Kavira, akapewa mfuko uliokuwa tayari.

Mama wa robe alimpigia kijana simu. Kijana akamwelekeza nyumba yao, akasema hana nafasi ya kuongea, akakata.

Harusi ilikuwa keshokutwa. Tukapanda gari ya Beni mchana uleule.

Njiani Kavira alikuwa anapanga maneno. "Nitamuambia mbele ya bageni bake: mwizi wa robe njo wewe." Nilimwacha aseme. Mtu mwenye hasira ukimzuia unamwongezea. Nami pia nilikuwa nimekasirika, msinione mtakatifu.

Kufika Beni tukachukua moto, yaani pikipiki, hadi Mavivi. Tulipofika tukaona bâche, turubai la kivuli, limetandazwa mbele ya nyumba, viti vya plastiki, wamama wanapika.

"Unaona?" Kavira akasema. "Banasherehekea na robe yangu."

Wakuu, bâche ya harusi na bâche ya kilio ni ileile. Tulikuwa katikati ya viti ndipo tulipousikia wimbo waliokuwa wanaimba ndani.

Kavira wao alikuwa amefariki Jumanne, kwa homa ya siku nne.

Nieleze hapa kidogo. Huku kwetu kuna familia ambazo, binti akishatolewa mahari na akafa kabla ya kufika kanisani, humvika robe yake na kumzika nayo. Kaka yake alikuja Butembo kwa ajili hiyo. Hakumwambia mama wa robe kwamba ni ya maziko, akiogopa atakataa. Alitaka akishazika ndipo arudi kulipia robe nzima.

Tulipitishwa ndani kama wafanyavyo waombolezaji wote. Jeneza lilikuwa wazi. Robe ilikuwa ndefu kwake, wameikunja vizuri chini ya miguu. Nilimshika mdogo wangu mkono.

Mama wa marehemu alikuwa amekaa chini, kwenye mkeka. Akainua macho.

"Karibuni, banangu. Mulisoma naye?"

Tukampa mkono wa pole. Akamuuliza mdogo wangu, "Unaitwa nani?"

Mdogo wangu akapiga magoti.

"Kavira, mama."

Yule mama alimtazama kwa muda mrefu. "Wangu pia," akasema, akamsogezea nafasi kwenye mkeka. Tukakaa.

Baadaye yule kaka alituita nje. Alishafahamu kwamba sisi ndio wenye robe.

"Munisamehe. Bado habajafunga sanduku. Nikimuambia mama, ataitosha ku mwili yake. Namujua, hawezi kubakia na kitu ya mutu."

Nilimgeukia mdogo wangu. Sikuwa na haki ya kumjibia. Baba alikuwa ametoa viazi vyake. Jumamosi ilikuwa yake.

"Hapana kumuambia," Kavira akasema. "Muache nayo."

"Na wewe utavala nini?" kijana akauliza.

Kijana akafikiri, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Robe yake mwenyewe ingali kule Butembo. Njo ile aliyochagua. Kama hauogope."

Tulibaki hadi maziko. Tulitupa udongo kama wengine.

Tuliporudi Butembo tukaeleza, shangazi yetu alipiga kelele. "Robe ya maiti? Utaingia mu ndoa na kifo ku mugongo?" Mama wa robe, kwa aibu, alimpa Kavira ruhusa ya kuchagua yoyote bure, hata zile za bei kubwa. Alizitazama zote. Kisha akaomba ile ya marehemu, ya mikono mirefu, yenye vifungo vingi mgongoni.

"Shangazi, haikufa mutu ndani yake," akasema. "Mutu alikuwa anaingojea tu."

Ilikuwa fupi kwake kwa upana wa kiganja kimoja. Fundi akaongeza kipande cha dentelle chini, na Jumamosi mdogo wangu akaolewa nayo.

Baada ya mwezi Kavira na mume wake walikwenda Mavivi kumsalimu yule mama, nami nikawasindikiza. Hatukuwa na nia ya kutaja robe. Mama mwenyewe ndiye aliyeuliza.

"Ulivala ile ya vifungo ku mugongo?"

Kavira akainamisha kichwa. "Ndiyo, mama."

"Mimi njo nilikwenda naye siku ya kuipima," mama akasema. "Ile tulimuvalisha, nilijua haiko yake. Na uliposema jina yako, nilijua ni ya nani. Nilikuwa nakungojea uiombe."

Akamshika Kavira mkono.

"Haukuiomba."

Baadaye akauliza, "Ilikupata muzuri?"

"Ilinipata, mama. Ilikuwa fupi kidogo tu."

"Eh," akasema. "Wangu alikuwa mufupi."

Wakuu, fundisho la kwanza ni dogo: ukikodi, andikisha jina lote, la baba, la kijiji na tarehe, hata kama mwenye daftari anakuona msumbufu. Yule mama wa robe sasa anaandika hivyo. La pili ni kwenu mnaooa na kuolewa kwa pesa kidogo: msidhani pesa kidogo inaondoa heshima. Mdogo wangu alikuwa na robe moja tu ya kupoteza, na aliitoa.

Shangazi bado hajakubali. Kama kwenu mnaliona kama yeye, semeni bila kuogopa, nitajibu kila mmoja kwa zamu. Na mwenye kujua mahali pa kukodi kwa bei nafuu, Butembo au Beni, aandike hapa chini. Kuna mabinti wanasoma kimya.